Zawadi ya Idi kwa Mtoto Mchanga: Historia Yake Tangu Madina Hadi Kwetu

Bismillaahi Rahmaani Rahiim.



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, kila Idi inapokaribia kuna swali ambalo hurudi katika nyumba zetu. Mtoto wa dada amezaliwa mwezi wa Rajabu, sasa ana miezi mitatu, na hii ndiyo Idi yake ya kwanza duniani. Tumpelekee nini? Nguo? Pesa? Kitu cha kuchezea? Na ikiwa mwaka huu mfuko haukukaa vizuri, je, twende mikono mitupu au tusiende kabisa?

Swali la mwisho ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Mwaka mmoja, katika familia yetu, alizaliwa mtoto siku chache kabla ya Ramadhani. Siku ya Idi watu walijaa nyumbani, zawadi zikawekwa juu ya kitanda, na kila aliyeingia alikitazama kitanda kabla ya kumtazama mtoto. Mtu mmoja tu hakuonekana: mama mkubwa, dada wa bibi yake mtoto, anayeuza ndagala kule Rumonge. Alituma salamu kwamba anaumwa. Siku ya tatu tulipomfuata tukamkuta mzima, yuko sokoni kwake. Alipobanwa sana akasema: "Ningekuja na nini mbele ya watu?" Ndani ya nyumba alikuwa amekunja kitenge chake kikuukuu, kimefuliwa na kupigwa pasi, akaona haya kukileta.

Tulirudi tukijiuliza: desturi hii ya zawadi imetoka wapi, hata imfikishe mzee mahali pa kusema uongo ili asije kumwona mjukuu wake? Basi tuifuate tangu mwanzo.

ZAWADI YA KWANZA ILIKUWA TENDE

Waislamu walipohamia Madina mwaka 622, Bi Asmaa bint Abubakar (r.a.) alikuwa na mimba pevu. Alijifungulia Qubaa, nje kidogo ya mji. Mtoto huyo, Abdullah bin Zubayr, ndiye wa kwanza kuzaliwa kwa Muhajirina baada ya Hijra. Furaha ilikuwa kubwa kuliko kawaida, kwa sababu uvumi ulikuwa umeenea kwamba Waislamu wamerogwa na hawatazaa tena. Mama alimchukua mwanawe akamweka mapajani pa Mtume (s.a.w.). Mtume akaomba tende, akaitafuna mpaka ikalainika, akamtia mtoto kinywani, kisha akamwombea baraka. Bukhari amepokea kwamba kitu cha kwanza kuingia tumboni mwa mtoto yule kilikuwa mate ya Mtume (s.a.w.).

Jambo hili huitwa tahniki. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) naye alipopata mtoto alimpeleka kwa Mtume, akamwita jina Ibrahim, akamfanyia tahniki ya tende na kumwombea. Bi Ummu Sulaym alipojifungua alimtuma mwanawe mkubwa, Anas bin Malik, ampeleke mdogo wake mchanga kwa Mtume, akampa na tende chache mkononi.

Tazameni hesabu yake. Watoto hawa walizaliwa katika mji ambao watu wake waliweza kumaliza siku kwa tende na maji, na walichopata ni tende moja, jina jema na dua. Hakuna kati ya wazazi wao aliyeona kwamba mwanawe amepunjwa.

TUNDA LA KWANZA HUPEWA ALIYE MDOGO

Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba watu wa Madina walipoona matunda ya kwanza ya msimu walikuwa wakiyaleta kwa Mtume (s.a.w.). Yeye huyapokea, huuombea baraka mji, matunda yake na vipimo vyake, kisha humwita mtoto mdogo kuliko wote waliohudhuria akampa tunda lile.

Wanaojua kilimo wanaelewa uzito wa jambo hili. Tunda la kwanza ndilo linalosubiriwa na kila mtu tangu maua yachanue. Kwa desturi za dunia lingepewa mfalme, jemadari au mwenye shamba. Pale lilipewa yule ambaye hana cha kurudisha na wala hatakumbuka kwamba alipewa. Hapa ndipo tunapopata maana ya zawadi ya mtoto mchanga: hutolewa bila kutarajia shukurani yake.

NGUO YA MTOTO ALIYETOKA HABESHA

Kuna kisa kingine kinachotugusa sisi wa upande huu wa Afrika. Ummu Khalid bint Khalid alizaliwa Habesha, yaani Ethiopia, ambako wazazi wake walikimbilia mateso ya Makureshi. Alipofika Madina alikuwa bado mdogo. Siku moja Mtume (s.a.w.) aliletewa nguo, na miongoni mwake kulikuwa na ndogo nyeusi yenye mapambo. Akawauliza waliohudhuria nani wa kuvishwa ile. Wakanyamaza. Akaagiza aletwe Ummu Khalid, akaletwa amebebwa. Mtume akamvisha kwa mikono yake mwenyewe, akamwombea aivae mpaka ichakae. Kisha akayaonyesha yale mapambo na kumwambia kwamba ni mazuri, kwa neno la Kihabeshi, lugha ya nchi aliyozaliwa.

Mtoto mgeni, aliyezaliwa ukimbizini, alipewa nguo na pia akasikia neno la kwao. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu, ambako familia nyingi zimewahi kuvuka mpaka zikiwa na watoto mgongoni, kisa hiki hakihitaji maelezo marefu.

Na Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Najashi, mfalme wa Habesha, alimletea Mtume mapambo, na ndani yake mlikuwa na pete ya dhahabu yenye jiwe la Kihabeshi. Mtume hakuitaka kwa nafsi yake. Alimwita mjukuu wake Umama, binti wa Bi Zaynab, akamwambia ajipambe nayo. Huyu ndiye Umama ambaye babu yake alikuwa akimbeba hata ndani ya swala. Kwa hiyo zawadi ya thamani kwa mtoto nayo ina asili. Aliye nacho na atoe, lakini asimfanye asiye nacho aone haya.

KABLA YA KUPEWA, MTOTO HUTOLEWA

Idi zetu mbili ziliwekwa Madina. Anas (r.a.) amepokea kwamba watu wa mji ule walikuwa na siku mbili za michezo tangu zama za ujinga, na Mtume (s.a.w.) akawajulisha kuwa Allah amewabadilishia siku bora zaidi, Idi ya Kuchinja na Idi ya Kufungua.

Sasa wanafunzi wetu waangalie jambo hili. Zakatul Fitri, kwa mapokezi ya Ibn Umar (r.a.), imefaradhiwa kwa kila Muislamu, mdogo na mkubwa, mwanamume na mwanamke. Kiasi chake ni swaa moja, ambayo kwa Kiswahili tumezoea kuiita pishi, karibu kilo 2.5 hadi 3 za chakula. Mtoto wa wiki moja naye anahesabiwa, na mlezi wake humtolea. Maana yake ni kwamba asubuhi ya Idi, kabla mtoto hajapokea hata soksi moja, yeye mwenyewe ameshampa maskini chakula.

Ndivyo ilivyo pia katika akika. Siku ya saba mtoto huchinjiwa, hunyolewa na hupewa jina. Imam Malik katika Muwatta ameeleza kwamba Bi Fatma (r.a.) alizipima nywele za watoto wake, Hassan, Hussein, Zaynab na Ummu Kulthum, akatoa sadaka ya fedha yenye uzito ule. Nywele za mtoto mchanga uzito wake ni mdogo sana. Lakini mtoto anaanza maisha akiwa mtoaji.

KISA CHA NU'MAN BIN BASHIR

Zawadi pia ina hatari yake, na hilo lilijulikana tangu zama zile. Nu'man bin Bashir alizaliwa Madina mwaka wa 2 Hijria. Mama yake, Amra bint Rawaha, alimsihi mumewe ampe mtoto huyu zawadi. Ilikuwa mtumwa, kwa desturi ya zama hizo. Kisha mama akasema haridhiki mpaka Mtume (s.a.w.) awe shahidi. Baba akaenda. Mtume akamuuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wa hicho. Akajibu hapana. Mtume akakataa kushuhudia, akaamrisha watu wamche Allah na wafanye uadilifu baina ya watoto wao. Baba akarudi na kuitwaa zawadi yake.

Wanazuoni wamekhitalifiana kama usawa huo ni wajibu au ni sunna iliyokokotezwa, na maneno yao yanamhusu mzazi na watoto wake mwenyewe. Shangazi au mjomba hajabanwa kiasi hicho. Lakini fundisho linamfikia kila anayeingia nyumba yenye watoto. Mtoto mchanga hajui kama amepewa. Anayejua ni kaka yake wa miaka minne aliyesimama kando ya kitanda, akiona mikono yote inaelekea kwa mdogo wake. Wivu mwingi wa ndugu umepandwa siku kama hizo, na waliokuwa wakifurahi hawakuuona.

KUTOKA MADINA MPAKA CAIRO NA DAMASCUS

Karne zilipopita, zawadi za Idi ziliingia katika majumba ya watawala. Wafatimi walioitawala Misri kuanzia mwaka 969 hadi 1171 walikuwa na hazina maalumu ya nguo, na Idi ya Kufungua ilipofika waligawa mavazi kwa watumishi wa dola kwa vyeo vyao. Mwanahistoria al-Maqrizi, aliyeishi Cairo na kufariki mwaka 1442, ameeleza kwamba Idi hiyo iliitwa kwa jina la mavazi hayo. Hapa zawadi ilianza kuwa kipimo cha cheo: ukiona nguo ya mtu unajua amekaa wapi mbele ya mtawala.

Kwa watu wa kawaida iliendelea kuwa jambo la watoto. Waarabu wa leo huiita idiyya, pesa ndogo anayopewa mtoto asubuhi ya Idi. Uturuki watoto huwabusu wakubwa mikono na kupewa peremende na pesa, hata Idi ya Kufungua ikaitwa sikukuu ya sukari. Malaysia pesa hutiwa katika bahasha za kijani, desturi iliyochukuliwa kwa majirani Wachina wenye bahasha nyekundu.

Lakini zawadi tunayoipenda kuliko zote katika historia hii ilitoka Damascus. Imam Ibn al-Qayyim, aliyeishi kati ya mwaka 1292 na 1350, aliandika kitabu kizima kuhusu mtoto mchanga: adhana, tahniki, jina, akika, kunyonyesha na malezi. Akakiita Tuhfatul Mawduud, na neno tuhfa lenyewe maana yake ni zawadi ya tunu. Husimuliwa kwamba mwanawe Burhanuddin alipata mtoto, na babu hakuwa na mali ya kumpa, basi akakaa akaandika kitabu hicho, ndiyo zawadi yake. Zawadi zote walizopewa watoto wa matajiri wa Damascus mwaka ule zimeoza. Ya babu maskini inasomwa hadi leo.

IDI ILIPOFIKA KWETU

Huku kwetu Uislamu uliingia kwa njia za misafara kutoka pwani: Tabora, Ujiji, Kasongo, na upande wa kaskazini hadi Buganda, ambako wafanyabiashara wa pwani walifika katika baraza la Kabaka Suuna miaka ya 1840. Tuseme ukweli, misafara hiyo ilibeba pia watumwa na pembe, na jeraha lake halijasahaulika. Pamoja na hayo ilileta swala, Kiswahili na Idi.

Pesa ya njia ile ilikuwa nguo. Merikani, kitambaa cha pamba kilichotoka Marekani kupitia Unguja, na kaniki nyeusi, vilipimwa kwa shuka ya mikono 4 na doti ya mikono 8. Soko la Ujiji liliendeshwa kwa ushanga ulioitwa sofi. Kwa hiyo mzee wa zama hizo aliyempa mama mzazi doti moja ya kumbebea mtoto alikuwa akitoa nguo na fedha kwa wakati mmoja. Mwishoni mwa karne ya 19 kanga zikaenea kutoka pwani, baadaye vitenge vikajaa huku bara. Desturi ikabaki: mwanamke akijifungua hupelekewa kitambaa, na mtoto hufungwa katika kitambaa kilichokwisha lainika kwa kufuliwa, kwa kuwa kipya kina wanga na hukwaruza ngozi. Bibi zetu walilijua hilo bila kusoma popote.

Baadaye ikaja sarafu, ikaja kanzu ndogo na kofia yake, na gauni la watoto wa kike. Kuanzia Buyenzi hadi Nyamirambo na Kibuli, asubuhi ya Idi mtoto mchanga huvishwa, hubebwa kwenda kwa wakubwa, na hurudi na sarafu mkononi asiyoweza hata kuishika. Hivi karibuni zimekuja zawadi za madukani zenye betri na sauti, na picha za zawadi zinazotumwa kwa simu kabla ya mtoto kulala. Tumerudi pale pa Wafatimi, ambapo zawadi inasema cheo cha mtoaji.

BASI TUCHAGUE NINI?

Kutokana na historia hii tunawashauri wazazi na jamaa mambo machache.

Kwanza, anzeni na dua. Mchukueni mtoto, mwombeeni kwa jina lake, wazazi wakisikia. Hii ndiyo sunna ambayo tajiri na maskini wanalingana.

Pili, toeni kinachotumika: kitenge au kanga laini, nguo ya kipimo cha miezi 6 hadi 12, kwa sababu za mwezi wa kwanza hupewa nyingi na mtoto huzikua upesi. Chandarua chenye dawa kinafaa sana katika nchi zetu zenye malaria. Sabuni, au siku mbili za kumfulia na kumpikia mama, nazo ni zawadi.

Tatu, tahadharini na vinavyodhuru. Vitu vyenye vipande vidogo, shanga na nyuzi za shingoni vinaweza kumkaba mtoto. Hirizi tumekatazwa na dini, na uzi wake nao ni hatari. Wanja wa macho mara nyingi huwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Asali ina ponyo kwa wakubwa, lakini madaktari wanakataza kumpa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, kwani huweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza viungo na kuzuia pumzi. Na tahniki ni kupaka kidogo sana cha tende iliyolainika, si kumlisha.

Nne, mkitoa pesa semeni wazi ni za nani. Zikiwa za mtoto, ni mali yake, na mzazi ni mlinzi tu, anapaswa kuzitumia kwa maslahi yake. Zikiwa za mama, mwambieni mama.

Tano, msimsahau yule kaka au dada wa kando ya kitanda. Peremende moja na kumwita kwa jina vinatosha.

Sita, nanyi mnaopokea, msipange zawadi mahali pa kutazamwa. Zipokeeni, shukuruni, ziwekeni ndani. Mtume (s.a.w.) aliwausia wanawake wa Kiislamu wasidharau zawadi ya jirani hata ikiwa kwato ya kondoo. Mtu akiona zimewekwa wazi, atakayefuata atajipima nazo.

KWA KUMALIZIA

Idi ya Kuchinja ya mwaka ule tulimpigia simu mama mkubwa mapema, tukamwambia kwamba mtoto hana nguo ya kulalia iliyo laini, na kwamba tunaomba kile kitenge chake kikuukuu. Alikaa kimya, kisha akauliza: "Kweli mnakitaka?" Akaja na gari la asubuhi. Hatukuweka kitu chochote juu ya kitanda siku hiyo. Alikitandika mwenyewe, akamlaza mtoto, akamsomea Alhamdu na kumwombea. Mtoto yule sasa anatembea, na usiku hakubali kulala bila kitenge hicho. Zawadi nyingine za Idi ile ya kwanza hatukumbuki hata zilikuwa zipi.

Ndugu zetu, kabla Idi haijafika, kila nyumba imfikirie jamaa mmoja ambaye huenda anaona haya kuja, na imwite. Kumwita huko nako ni kuunga udugu, na mtoto atakua akiwajua watu wake wote.

Tunamwomba Allah (s.w.) awakuze watoto wetu katika dini na afya, awarehemu waliotutangulia, na azijaalie Idi zetu kuwa za kuunganisha.

Wabillaahi tawfiiq.

Wassalaam alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.